Lambo Likikauka, Maji Yamekwenda Wapi?

Ukishika barabara ya Iringa kwenda Dodoma, unaiacha mvua mgongoni. Iringa mjini uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishateremka Nyang'oro na kuikaribia Mtera umeshuka hadi mita 700 hivi, na mibuyu imeanza kusimama kandokando ya barabara. Mufindi, kwenye chai na misonobari, mwaka mmoja huleta zaidi ya milimita 1,000 za mvua. Isimani na Pawaga hupata 500 hadi 600, na zote huja katika kifuku kimoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote ni jua na upepo.

Mvua ya saa moja huku hujaza korongo mpaka ng'ombe hawavuki. Kesho yake korongo ni mchanga mtupu. Ndiyo maana watu wanachimba malambo: shimo pana, tuta la udongo upande wa chini, na utoro pembeni wa kutolea maji yakizidi.

Nimekuwa nikiyatembelea malambo mawili ya vijiji jirani. La kwanza hushika maji hadi Oktoba. La pili, ikifika Agosti, limebaki tope lililopasukapasuka kama kigae. Uliza mtu yeyote pale kijijini lambo zuri ni lipi, atakuonyesha la kwanza bila kufikiri. La pili wanaliita lambo bovu, na wapo wanaosema hela ya kulichimba ilimwagwa tu. Lakini mama mmoja anayechota kwenye kisima kilicho chini ya tuta la lile lambo bovu aliniambia neno ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema zamani mwezi wa tisa walikuwa wakikaa kisimani kungoja maji yajikusanye, ndoo moja kwa nusu saa. Siku hizi ndoo inafika maji kabla kamba haijaisha.

Je, lambo lililokauka na kisima kilichopanda ni habari moja au ni habari mbili zilizotokea pamoja? Mvua za miaka miwili mitatu zinaweza kuwa zilikuwa nzuri. Pampu ya jirani inaweza kuwa imeharibika, ikaacha maji yapumue. Au ni kweli kwamba lambo bovu ndilo linalonywesha ardhi, na lile zuri ni beseni tu. Bila kupima, kila mtu atabaki na lake.

Maji yanatoka lambo kwa njia nne. Yanapanda hewani kwa mvuke. Yananywewa na mifugo na kuchotwa kwa ndoo. Yanamwagika kwenye utoro mvua inapozidi. Na yanazama ardhini. Njia tatu za kwanza zinaonekana au zinahesabika kwa namna fulani. Ya nne haionekani kabisa, na ndiyo tunayoitafuta. Kwa hiyo tunaipata kwa kutoa: maji yaliyopungua, toa ya jua, toa ya mifugo, toa ya utoro, kinachobaki kimezama. Hesabu ni ya darasa la nne. Ugumu wake ni kwamba kosa lolote utakalofanya katika zile tatu linahamia lote kwenye jibu lako la nne, na halitajionyesha.

Kifaa cha kwanza ni mti uliochorwa milimita na sentimita, umesimikwa mahali penye kina kuliko pote. Kwenye lile lambo la pili upo mmoja, na mzee anayelinda lambo ndiye anayeusoma kila asubuhi. Nilifika alfajiri moja ya Juni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akanionyesha kwa kidole bila kusema kitu. Upepo ulikuwa ukisukuma vijiwimbi, na kwenye mti maji yalikuwa yakicheza juu na chini kiasi cha upana wa kidole. "Sasa hapo utaandika ngapi, mwanangu?" akaniuliza. Nilichojifunza kwake ni bomba la plastiki lililotobolewa matundu madogo chini, limefungwa kando ya mti. Maji huingia bombani polepole kupitia matundu, kwa hiyo ndani yake hayachezi. Unachungulia kwa tochi, unasoma mstari mmoja uliotulia. Wataalamu wa mito hufanya hivyohivyo kwenye vituo vyao vya kupimia. Yeye aliliweka kwa sababu macho yake yalichoka kubahatisha.

Kina peke yake hakitoshi. Sentimita moja lambo likiwa limejaa ni maji mengi kuliko sentimita moja likiwa limebaki dimbwi, kwa kuwa kingo zake zimelala. Inabidi kujua umbo la sakafu, na wakati wa kuijua ni lambo likiwa kavu. Kazi hii hufanywa kwa mpira mwembamba wenye maji, uleule ambao mafundi ujenzi huutumia kupata levo ya msingi. Unatembea nao sakafuni hatua kwa hatua, unaandika kila sehemu iko chini kiasi gani kutoka alama moja isiyohama, kwa mfano zege la utoro. Mwisho unapata jedwali: mti ukisoma kiasi hiki, uso wa maji ni mita za mraba kadhaa, na ujazo ni mita za ujazo kadhaa. Ni siku mbili za jua kali. Lakini bila jedwali hilo, daftari la mzee lingebaki namba zisizosema kitu.

Sasa jua. Kipimo kilichozoeleka duniani ni beseni la bati lenye upana wa sentimita 120.7 na kina cha sentimita 25.4, linalowekwa juu ya fremu ya mbao ili hewa ipite chini yake. Kila asubuhi unapima maji yameshuka milimita ngapi, unayajaza tena. Lakini beseni hupata joto haraka kuliko lambo, maana jua hulipiga hata ubavuni, kwa hiyo hupoteza maji mengi kuliko lambo linavyopoteza. Ndiyo sababu watu huzidisha kipimo chake kwa 0.7 au karibu na hapo. Hiyo 0.7 ni wastani tu. Mahali penye upepo mkali na hewa kavu inaweza kushuka, penye unyevu inaweza kupanda kupita 0.8. Na beseni lazima lizungushiwe uzio, la sivyo mbuzi wa jirani atakuandikia uvukizaji ambao jua halikuufanya.

Tuchukue lambo la mfano ili namba zionekane. Tuseme wiki moja ya Juni isiyo na mvua, uso wa maji una mita za mraba 4,000, karibu eka moja. Mti unaonyesha maji yanashuka milimita 12 kwa siku. Beseni linapoteza milimita 8, tukizidisha kwa 0.7 ni 5.6. Ng'ombe 300 wanakunywa hapo, kila mmoja lita 30, jumla lita 9,000, yaani mita za ujazo 9. Ukizitandaza juu ya mita za mraba 4,000 ni milimita 2.25. Hakuna maji yanayopita kwenye utoro. Basi 12 toa 5.6 toa 2.25 inabaki milimita 4.15 kwa siku, sawa na lita 16,600 zilizozama. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Lita 16,600 ni mahitaji ya watu 664.

Namba hiyo inapendeza, na hapo ndipo watu wengi huifunga hesabu na kuandika ripoti. Mimi naomba tukae nayo kidogo. Kama beseni lilistahili 0.8 badala ya 0.7, jua limechukua 6.4, na ardhi imebakiwa na 3.35. Tofauti ndogo kwenye beseni imekata karibu moja ya tano ya jibu. Na kama ng'ombe hawakuwa 300 bali 450, kwa sababu kuna wafugaji waliopita usiku na kundi lao, jibu linapungua tena. Lambo ambalo ardhi yake hunywa milimita 30 kwa siku halisumbuliwi sana na makosa haya. Lambo ambalo ardhi yake hunywa milimita 2 linaweza kumezwa lote na kosa la beseni, ukajikuta unasifia maji ambayo hayakuzama kabisa.

Kuna njia ya kupunguza wasiwasi huo, nayo ni kupima usiku. Mzee husoma bomba lake saa kumi na mbili jioni na tena saa kumi na mbili alfajiri. Usiku ng'ombe wamelala zizini, ndoo hazichoti, na jua halipo. Kinachopungua sehemu kubwa ni cha ardhi. Kwa lambo letu la mfano tungetarajia milimita 2 hivi kwa saa 12, na milimita 2 ni kitu kidogo mno kukisoma kwa usiku mmoja, kwa hiyo zinahitajika siku kumi au zaidi, kisha wastani. Tena uvukizaji wa usiku si sifuri, maana maji huhifadhi joto la mchana na upepo wa Isimani hauna saa ya kulala. Hata hivyo, mahesabu ya mchana na ya usiku yakikaribiana, una haki ya kuanza kuamini. Yakitofautiana sana, kuna kitu hukukihesabu.

Lakini kuna kitu ambacho hata mahesabu hayo mawili yakikubaliana hakijionyeshi, na kwenye lambo mojawapo kilikuwa chini ya tuta. Mwezi wa nane, majani yote yakiwa ya kahawia, palikuwa na kipande cha nyasi mbichi kimelala kama kanga iliyoanikwa. Maji yalikuwa yakijipenyeza ndani ya tuta na kutokea upande wa pili. Kwa hesabu ya kutoa, hayo nayo ni "yaliyozama". Kwa kweli yametoka nje, yamenyonywa na nyasi na jua, na kisima hakijapata tone.

Hapa panahitaji kutofautisha mambo mawili ambayo hata ripoti nzito huyachanganya: maji yaliyozama na maji yaliyofika. Hesabu ya lambo hukupa yaliyozama. Kati ya sakafu ya lambo na maji ya chini kuna udongo mkavu, labda mita tano, labda kumi na tano. Udongo huo hunywa kwanza kiu yake. Mizizi ya migunga inachukua sehemu yake. Maji mengine hukutana na tabaka la mfinyanzi yakaelekea pembeni. Yanayovuka yote hayo na kugusa maji ya chini ndiyo yaliyofika, na hayo hupimwa kisimani.

Kupima kisimani si kazi ya gharama. Futi ya chuma ya fundi hupakwa chaki sehemu ya mwisho, ikateremshwa mpaka ikaingia majini, kisha unasoma chaki imelowa wapi. Wengine hufunga kipande cha bomba chenye mdomo wazi kwenye kamba iliyopimwa, kikigusa maji husikika kikilia "pop". Masharti ni mawili tu: pima alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota, na pima kila mara kutoka alama ileile iliyochorwa kwenye ukingo. Kisima kilichochotwa asubuhi hiyo hakikuambii habari za lambo, kinakuambia habari za ndoo.

Tuseme sasa kisima kimepanda mita moja kutoka Desemba hadi Aprili. Watu husikia mita moja wakaona lambo zima limemwagwa humo. Lakini chini hakuna ziwa. Sehemu kubwa ya nyanda zetu imekalia miamba ya kale ya granaiti na jamii zake, na maji hukaa kwenye sehemu ya juu iliyooza na kwenye nyufa. Mwamba uliooza wa namna hiyo mara nyingi hutoa maji ya asilimia 1 hadi 5 tu ya ujazo wake. Iliyobaki ni mawe, udongo, na maji yaliyonatia ambayo hayatoki. Kama ni asilimia 3, mita moja ya kupanda ni milimita 30 za maji, sawa na lita 30 kwa kila mita ya mraba. Kama ni asilimia 1, ni lita 10. Kama ni 5, ni lita 50. Kisima kilekile, mita ileile, na majibu yanatofautiana mara tano. Ndiyo maana mtu akikuambia visima vimepanda mita mbili, mwulize kwanza vimepanda katika mwamba gani.

Na swali la pili ni: bila lambo vingepanda kiasi gani? Mvua nayo huzama shambani na kwenye makorongo. Dawa yake ni kisima cha kulinganishia, kilicho mbali na lambo lakini kwenye udongo na mteremko wa namna ileile. Kisima cha karibu kikipanda mita 2.4 na cha mbali mita 1.5, kinachoweza kuhesabiwa kwa lambo ni sentimita 90, si zaidi. Tena kisima kimoja cha karibu hakitoshi, maana maji yaliyofika hujikusanya chini ya lambo kama kichuguu, kisha kichuguu hicho hutawanyika taratibu. Mita 50 kutoka tuta unaweza kuona kupanda kukubwa mwezi wa Februari. Mita 300 mbali kupanda kunaweza kuwa kidogo na kuchelewa miezi. Mfaransa Henry Darcy alionyesha mwaka 1856, kwa kupitisha maji kwenye mapipa ya mchanga mjini Dijon, kwamba mwendo wa maji hufuata mwinuko unaoyasukuma na uwazi wa mchanga yanamopita. Kwenye mwamba wetu uliooza mwendo huo unaweza kuwa wa konokono. Anayepima mwezi mmoja tu baada ya mvua na kusema lambo halifanyi kazi, huenda amefika kabla ya maji.

Lipo pia jambo la kuyauliza maji yenyewe yametoka wapi. Maji yote si mazito sawasawa. Chembe chache zina oksijeni nzito au haidrojeni nzito, zinazoitwa isotopu. Lambo likipigwa na jua, chembe nyepesi hutangulia kupanda hewani, nzito hubaki. Kwa hiyo maji ya lambo hubeba alama ya jua, na maji ya mvua yaliyozama moja kwa moja hayana alama hiyo. Mmarekani Harmon Craig alieleza mwaka 1961 jinsi mvua za dunia nzima zinavyolala karibu na mstari mmoja kwenye chati ya isotopu hizo mbili, na maji yaliyokaa juani huuacha mstari huo. Sampuli ni chupa ndogo tu iliyojazwa hadi juu na kufungwa kabisa, kusiwe na hata povu la hewa, kisha maabara ifanye kazi yake. Tuseme kwenye kipimo cha oksijeni nzito, ambako namba ikipanda chembe nzito ni nyingi zaidi, maji ya chini yasiyoguswa na lambo yanasoma hasi 6, lambo chanya 2, na kisima cha yule mama hasi 4. Kutoka hasi 6 hadi chanya 2 ni hatua nane, kisima kimepiga hatua mbili. Robo ya maji yake ni ya lambo.

Lakini alama hiyo hukua kadiri jua linavyofanya kazi. Januari maji ya lambo ni mapya, hayajachomwa, na ndiyo wakati lambo limejaa, uzito wa maji unasukuma kwa nguvu na kuzama ni kwingi. Maji yanayozama wakati huo hufika kisimani karibu bila alama yoyote. Ukilinganisha kisima na lambo la Septemba, utaliona lambo limechangia kidogo kuliko ukweli. Inabidi kuchukua sampuli za lambo msimu mzima. Chumvi nayo inaweza kutumika kwa mantiki hiyohiyo, kwa bei nafuu, ingawa mkojo wa ng'ombe huharibu hesabu.

Kuhusu kupima wakati wa kifuku chenyewe, maji yanaingia na kutoka kwa pamoja na hakuna anayejua korongo limeleta kiasi gani. Njia inayotumika ni kusubiri siku kavu kati ya mvua moja na nyingine, kupima mshuko kwenye vina mbalimbali, kupata ardhi inakunywa kiasi gani lambo likiwa na kina fulani, kisha kutumia viwango hivyo kwa siku zote ambazo mti ulisomwa. Huko Rajasthan, India, wakulima walifundishwa kusoma vipimo vya mabwawa yao madogo kila siku na kupima visima vyao wenyewe, wakishirikiana na watafiti wa India na wa Australia. Hawakuhitaji shahada. Walihitaji mti wa kupimia, daftari, na mtu asiyeruka siku.

Narudi kwenye malambo yangu mawili. La kwanza, lile la kujivunia, lilichimbwa kwenye mbuga yenye udongo mweusi. Udongo huo ukilowa huvimba na kuziba nyufa zake zote. Maji yanakaa mpaka Oktoba kwa sababu hayana pa kwenda ila hewani na tumboni mwa ng'ombe. Kwa mifugo ni lambo jema kabisa, na sitaki kulitukana. Ila anayeliandika kwenye mpango wa kurudisha maji chini ya ardhi anajidanganya. La pili limekaa mguuni pa kilima, kwenye udongo mwekundu wenye kichanga. Huko kukauka mapema kunaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe. Tukiyahukumu yote mawili kwa kipimo kimoja, kwamba lambo zuri ni lile linalokawia kukauka, tutaendelea kuchimba mabeseni na kushangaa kwa nini visima havipandi.

Lakini hata lambo la udongo mwekundu huzeeka. Kila mvua huleta tope laini, na tope hutulia sakafuni kama ugali wa mtoto. Tabaka la sentimita chache tu linaweza kupunguza kuzama kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo kipimo cha mwaka wa kwanza si cha kudumu nacho. Hili pia ndilo kosa la kupima udongo kabla ya kuchimba kwa pete za chuma, zinazojazwa maji ili kuona yanazama kwa kasi gani: pete zinapima ardhi safi, lambo litaishi na tope. Daftari likionyesha mshuko wa usiku unapungua mwaka hadi mwaka kwa kina kilekile, hiyo ndiyo ishara ya kushika majembe.

Na mwaka mmoja ni mchache hata bila tope. Makutupora, kaskazini ya Dodoma, ambako mji huo umekuwa ukivuta maji yake, kuna kumbukumbu ya kina cha visima ya miaka 55. Watafiti walipoichapisha mwaka 2013 ilionekana kwamba maji ya chini hayapandi kidogokidogo kila mwaka. Hushuka miaka mfululizo, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi inayoambatana na El Niño kama ile ya 1997 na 1998, yakapanda kwa mkupuo. Makutupora na Isimani zinagawana ukame wa aina moja. Lambo lililopimwa miaka mitatu ya mvua hafifu linaweza kuonekana halina faida, na msimu mmoja mkubwa ukalilipa. Au kinyume chake: likapimwa mwaka wa mafuriko, likapewa sifa ambazo ni za mvua.

Bado kuna swali ambalo wapima malambo wengi hawapendi kuulizwa: maji haya yangekwenda wapi kama yasingekamatwa? Makorongo ya Isimani yanaelekea Ruaha Mkuu na Bwawa la Mtera, lililokamilika 1980 ili kutunza maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Ruaha Mkuu wenyewe, tangu 1993, umekuwa ukikatika kila kiangazi unapopita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu ya maji yanayotumika kule juu Usangu. Bonde hili halina maji ya ziada yasiyo na mwenyewe. Lambo moja la kijiji halihisiwi Mtera. Mamia yatahisiwa. Hesabu ya haki inaanza na maji yaliyofika kisimani, inayatoa yale ambayo mto ungeyapata, na inakumbuka pia kwamba sehemu ya maji yanayofika Mtera hunyonywa na jua juu ya uso mpana wa bwawa lile. Kijiji hakiwezi kufanya hesabu hiyo peke yake. Ofisi za Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ziko Iringa, karibu kabisa, na daftari za malambo zilizosomwa vizuri ndizo zingeipa bodi kitu cha kuhesabia. Kwa maoni yangu, hakuna lambo linalostahili kujengwa bila mti wa kupimia, alama kwenye ukingo wa visima viwili, na posho ndogo ya mtu wa kusoma. Kwenye gharama ya tingatinga, hivyo ni kama chumvi kwenye chungu.

Novemba iliyopita, lambo la pili likiwa kavu, vijana wa kijiji walifukua tope lake. Lilitoka jeusi na laini, akina mama wakalibeba kwa ndoo hadi kwenye bustani za mboga. Nilidhani kazi imekwisha. Mzee akasimama katikati ya sakafu, akautazama mti wake, kisha akaninyoshea mwisho wa mpira wa maji. Sakafu ilikuwa imeshuka, kwa hiyo jedwali la zamani la ujazo lilikuwa limekufa, na mstari wa sifuri ulikuwa unaning'inia juu ya ardhi kwa kiganja kizima. Tulianza kupima upya kutoka zege la utoro. Mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda upande wa Mufindi.